Karani wa Sensa ya Bethlehemu

Krrr. Kisha kimya. Kisha krrr tena.

Ilikuwa sauti ndogo, kama ukucha wa kuku juu ya bati, lakini nyumba ilikuwa imelala na mvua nje ilikuwa imekatika, kwa hiyo ilisikika mpaka chumba cha pili.

"Mama," Joyness aliita kutoka kitandani kwa sauti nzito ya usingizi. "Hao panya?"

"Panya wa serikali ya Kirumi," Tusekile akajibu. "Lala, mwanangu. Bado mapema."

Alikuwa akichora mistari. Alikaa mezani na sweta lake la kijivu, taa ya sola pembeni, rula mkono wa kushoto na kalamu mkono wa kulia, na mbele yake kaunta buku jipya lenye jalada gumu. Kaunta buku hilo mwanawe Lutengano alimnunulia Iringa mjini, lori lake lilipolala pale likitoka Dar es Salaam. Kila ukurasa aliugawa sehemu nne. Mstari ukipinda, alisimama, akapumua, akaanza na mwingine. Leo ilikuwa Jumamosi ya mwisho kabla ya Krismasi, na kabla ya adhuhuri kila mgeni atakayefika kanisani angepita kwanza kwenye meza yake.

Tusekile alikuwa na miaka sitini na tisa. Kusoma na kuandika alikujua kwa mwaka mmoja na miezi saba. Alifundishwa na Joyness, mkwewe huyuhuyu aliyedhani kuna panya, katika darasa la kisomo ambalo Joyness hulifundisha jioni mara mbili kwa wiki pale shule ya msingi Ikolela. Wakati wa kujifunza herufi, Joyness hakumcheka hata siku moja. Alipokosea alimwambia tu, "Mama, hiyo imegeukia mlimani, igeuzie barabarani," naye akaigeuza.

Jambo lenyewe lilianza mwezi wa kumi, kwenye kikao cha usharika. Mwinjilisti Fanueli alisimama akasema, "Mimi nimezaliwa Ilula. Mama yangu aliuza nyanya kando ya barabara kuu. Alikuwa akituambia, nyanya ikikaa ndani ya nyumba, iwe nyekundu namna gani, abiria hawezi kuijua. Mpelekee, aishike, aibonyeze. Sasa sisi Krismasi yetu kila mwaka tunaifungia kanisani, tunaimba, tunakula pilau, tunalala. Jirani asiye wa kwetu anaisikia kwa mbali kama redio ya mtu mwingine."

Basi akawaeleza alichokiona alipokuwa chuoni Iringa. Mgeni haketi kwenye benchi kutazama igizo. Anatembea. Anaandikwa sensa kwa amri ya Kaisari, anakataliwa kwenye nyumba za wageni, anakaa kondeni na wachungaji na kondoo wa kweli, anakutana na mamajusi njiani, anafika zizini ana matope miguuni kama Yusufu. Waliiita Njia ya Bethlehemu. Ingeanzia kwenye lango la barabarani na kuishia kwenye banda la ng'ombe nyuma ya kanisa. Waalikwe wote, Wakristo, Waislamu, na wasio na dini.

Kazi zikagawanywa. Joyness, aliyekuwa na mtoto wa miezi minne, akawa Mariamu bila ubishi. Ilipofika meza ya sensa, Tusekile akanyoosha mkono.

Kisha Lusia, katibu wa kina mama, akasema, "Mama Lutengano, jina lako peke yake linakuchukua nusu saa."

Watu wakacheka. Hakikuwa kicheko cha ubaya, lakini Tusekile alikisikia chote, kutoka mwanzo hadi mwisho. Hakuushusha mkono.

"Tumpe," Fanueli akasema. "Ila mama, ukilemewa, Lusia achukue kalamu palepale. Wageni wasije wakachoka mlangoni. Na daftari liwe la kweli, liwe na mistari, kama la serikali."

Tusekile akakubali, na tangu siku hiyo alijua kuwa kalamu hiyo ameazimwa. Akiiangusha, haitarudi.

Daftari la serikali alilowahi kuliona lilikuwa moja tu. Mwaka uliotangulia alisimama foleni ofisini kwa mtendaji wa kijiji, na alipokuwa akingoja alilisoma daftari la mezani kichwa chini miguu juu, kwa furaha ya mtu aliyegundua kuwa anaweza. Lilikuwa na sehemu nne: jina, kitongoji, ekari, zao. Hizo ndizo alizozichora. Na ili mkono uzoee, Jumatano alikaa gulioni kwenye kibanda cha jirani yake Batuli, muuza vitenge, akafanya mazoezi kwa wapita njia. "Jina lako? Kwenu wapi? Una ekari ngapi? Unalima nini?" Akaandika watu tisa. Kila mmoja alimwambia kwa upole, "Jumamosi njooni wote uwanja wa kanisa, mwandikishwe rasmi. Mwambie na jirani." Hao tisa waliondoka haraka, wala hakujiuliza wanakimbilia wapi.

*

Saa mbili kasoro asubuhi ukungu ulikuwa bado umelala juu ya mashamba ya viazi, na Fanueli alikuwa amesimama langoni mikono kiunoni, mdomo wazi.

"Mama Lutengano, njoo uone! Njoo uone kazi ya Mungu!"

Foleni ilikuwa imetoka langoni, ikapinda kwenye mti wa mkuyu, ikateremka mpaka darajani. Walikuwa wazee, kina mama wenye watoto mgongoni, wanaume waliovaa makoti ya mvua. Wengi hawakuwahi kuonekana kanisani hapo hata siku ya harusi.

"Tulitegemea watu mia," Fanueli akasema. "Hawa ni zaidi ya mia mbili na mlango haujafunguliwa! Na wamekuja na punda! Mimi punda nimemtafuta wiki mbili, watu wenyewe wamejiletea watatu. Wameelewa kabisa! Wameingia ndani ya habari!"

"Na mifuko mitupu hiyo?" Tusekile akauliza.

"Labda ya zawadi za mamajusi," Fanueli akasema, akakimbia kuwaambia wachungaji wafunge kondoo vizuri.

Batuli alikuwa amefika na fungu la vitenge kichwani. Yeye ni Mwislamu. Babu yake alifika Mbeya kutoka pwani akiuza nguo, na familia haikurudi tena. Alikuwa ametoa vitenge vya kuwavisha mamajusi na kukataa kulipwa. Alipoombwa alisema tu kwamba mtoto wa Mariamu hata kwao anajulikana.

"Shoga yangu, leo umekuwa mkubwa," alimwambia Tusekile, akimtazama kutoka kilemba mpaka viatu. "Karani mzima wa Kaisari! Usije ukanitoza kodi. Na mamajusi wako nimeshawavika. Yule mnene amepata kitenge chenye picha za balbu."

"Balbu, Batuli? Bethlehemu?"

"Si walifuata mwanga? Wacha afuate."

Tusekile akacheka. Akakaa, akafungua ukurasa wa kwanza.

Lango la njia lingefunguliwa saa nne, baada ya mchungaji wa usharika kuomba. Kwa hiyo alikuwa na saa mbili za kuandika mwanzo wa foleni. Aliandika kwa utaratibu, akilitamka kila jina polepole kabla ya kulishusha kwenye karatasi. Mtu akisema Mwakyusa, yeye alirudia, "Mwa-kyu-sa," na mwenye jina alitikisa kichwa kama anayesikia wimbo wa kwao.

Watu walikuwa wema kwake. Mama mmoja asiyemjua aliona kiti kimelowa, akamwinua taratibu, akakitandika khanga yake, akamkalisha tena. Manyunyu yalipoanza, mzee mmoja akafungua mwavuli na kuushika juu ya daftari badala ya kichwa cha Tusekile, na hilo lilimfurahisha kuliko kama angefunikwa yeye. Mwingine aliweka nusu ya hindi la kuchoma pembeni ya meza, akaenda zake bila kusema neno.

Lakini foleni haikuwa ikipungua. Lusia alikuwa amevaa joho la mwenye nyumba ya wageni, ufunguo mkubwa wa mbao umening'inia kiunoni. Akaja, akatazama juu ya bega lake.

"Namba ngapi?"

"Thelathini na saba."

"Saa nne inakaribia. Kwa mwendo huu Yesu atazaliwa Pasaka."

Waliokuwa karibu wakacheka. Tusekile akahisi masikio yanapata moto. "Niache nifike hamsini," akasema.

"Hamsini, halafu unanipa kalamu."

"Hamsini."

Wa thelathini na nane alikuwa mwanamume mrefu mwembamba, suruali imelowa mpaka magotini. Alikuwa na kitambulisho chake ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa kwa mpira, akaufungua kwa uangalifu kama anayefungua dawa.

"Ugonile, mama," akasalimu kwa lugha ya kwao.

"Ndaga, tata, asante baba. Jina lako?"

"Ambokile Mwakibinga. Nsongola."

Nsongola ni kitongoji cha juu kabisa, nyuma ya mlima. Daraja lao la miti lilichukuliwa na maji mwezi wa kumi na moja. Mtu wa huko akitaka kushuka huzunguka bonde zima, saa tatu kwa miguu.

"Umetoka saa ngapi, tata?"

"Jogoo wa kwanza. Ekari moja na robo. Mahindi, na viazi kidogo."

Akaandika. Mzee akainama, akauliza kwa sauti ya chini, kama mtu asiyetaka kuonekana ana haraka, "Sasa mama, mfuko unatoka leoleo? Na ni wa kupandia au wa kukuzia? Maana mahindi yangu yameshafika hapa." Akaonyesha goti.

Kalamu ikasimama.

Tusekile alimtazama mzee. Akatazama mfuko mtupu uliokunjwa kwapani mwake. Akatazama foleni, mifuko yote ile, vitambulisho vyote vile mikononi, punda watatu wanaongoja mzigo. Kisha akashusha macho kwenye mistari yake minne iliyonyooka. Jina. Kitongoji. Ekari. Zao. Akaelewa yote kwa mara moja, kama mtu anayemwagiwa maji ya baridi. Walikuwa wamekuja kuandikishwa mbolea ya ruzuku. Na aliyewaita ni yeye.

"Lusia," akanong'ona. "Njoo. Hawa watu wanangoja mbolea."

Lusia akalitazama daftari, akaziba mdomo kwa ufunguo wake wa mbao. Kwa mara ya kwanza asubuhi ile hakuwa na mzaha. "Mungu wangu. Nyamaza," akasema. "Usiseme kitu. Waandike tu, wapite. Wakifika zizini Mwinjilisti atawaeleza kwa maneno mazuri. Ukisema sasa hivi wataondoka wote, na watu wote watajua ni wewe."

Lilikuwa shauri la kirafiki, na Tusekile alijua hivyo. Lakini mzee bado alikuwa ameinama mbele yake akingoja jibu. Aliwaza habari ya mtu huyu kupitishwa kwenye nyumba tatu za wageni na kondoo na nyota ya karatasi, mfuko wake kwapani, akitarajia kila kona kukuta mizani na magunia. Hakuweza.

Akasimama. Akashika ukingo wa meza.

"Ndugu zangu," akaita. Sauti ikatoka ndogo. Akaita tena, kwa sauti ya kuwaita ng'ombe ng'ambo ya bonde, na foleni nzima ikageuka mpaka darajani.

"Ndugu zangu, hapa hakuna mbolea. Hapa kanisa limewaalika kutembea njia ya Yusufu na Mariamu. Meza hii ni ya Kaisari wa zamani, si ya mtendaji. Mistari hii nimeichora mimi, kwa sababu daftari la serikali ninalolijua ni hilo moja tu. Na gulioni niliwauliza ekari zenu kwa mdomo wangu. Kosa si la Mwinjilisti wala si la usharika. Ni langu, Tusekile. Mnisamehe."

Fanueli alikuwa amesimama kando, mkono kichwani, akijifunza upya maana ya wale punda.

Kisha sauti ya kike ikatoka katikati ya foleni: "Kwa hiyo tumezunguka bonde zima kuja kuhesabiwa na marehemu?"

Mmoja akacheka, wengine wakafuata, lakini wengine walikuwa wameshaanza kukunja mifuko, nyuso zimefungwa. Kijana mmoja akamgeuza punda wake kuelekea barabarani. Tusekile akaichukua kalamu ampe Lusia.

Ambokile hakuwa ameondoka mezani.

"Mama," akasema. "Jina langu umeliandika au hukuliandika?"

"Nimeliandika, tata."

"Lisome."

Akaweka kidole chini ya mstari, akasoma kwa sauti, akisimama kila neno. "Ambokile. Mwakibinga. Nsongola. Ekari moja na robo. Mahindi na viazi."

Mzee akasikiliza mpaka mwisho, kichwa kimeinama upande. "Ndivyo," akasema. Akawageukia walio nyuma yake. "Mimi mwezi uliopita watu walipoandikwa kwa mtendaji sikufika, maji yalikuwa juu. Nyumbani kwangu hajafika mtu na daftari. Leo mama huyu ameniandika, na amenisomea. Na huyo Yusufu wao, nadhani naye alipandishwa mlima kwa sababu ya daftari, tena na mke mjamzito. Mbolea hawakumpa. Mimi naingia nikaone alikofikia."

"Baba Ambokile, unaingia na mfuko wako?" yule mama mwenye maneno akamwuliza.

"Naingia nao. Njia ya Mungu huwezi kujua."

Sasa kicheko kilikuwa cha wote. Kijana mwenye punda akasimama, akafikiri, akarudi. Na mwanamke wa thelathini na tisa akasogea mezani, akasema, "Haya, niandike na mimi. Na ekari yangu usiiache, Kaisari naye ajue."

Tusekile akamtazama Lusia, kalamu bado imenyooshwa kati yao. Lusia hakuipokea. Alivuta kigoda, akakaa kando yake, akachukua rula.

"Wewe andika," akasema. "Mimi nakuchorea kurasa za mbele. Mistari mingapi?"

"Minne," Tusekile akasema. "Ileile."

*

Watu wazima wa Ikolela bado wanasimuliana ile siku. Watu mia tatu na kumi na wawili walipita Njia ya Bethlehemu, wakiwa kumi kumi. Kwenye nyumba ya tatu ya wageni Lusia alirudi kwenye zamu yake, akasema "Hakuna nafasi" zaidi ya mara thelathini, na kila mara alibishiwa. "Hata jikoni?" "Hata stoo ya viazi?" "Wewe mama, roho yako ikoje, mke wa mtu ana mimba!" Bibi mmoja alikataa kuondoka mlangoni mpaka Yusufu mwenyewe akamsihi. Kondoo mmoja alikimbilia kwenye shamba la mwalimu mkuu, akarudishwa na wageni saba na mchungaji mmoja. Majusi mwenye balbu alipigwa picha kuliko wote. Na kwenye banda la ng'ombe, kwenye majani makavu, Joyness alikaa na mtoto wake anayenyonya bila kujali habari ya Kaisari. Waliofika walivua kofia bila kuambiwa. Ambokile alisimama hapo muda mrefu. Alipotoka alimpa Fanueli mkono na kusema, "Safari ilikuwa ngumu, lakini mwisho wake mzuri."

Tusekile hakuyaona hayo kwa macho yake. Alisimuliwa. Yeye alikuwa mezani mpaka saa nane, akaandika mpaka vidole vikakakamaa, na Joyness alipomaliza zamu ya Umariamu alikuja kuvikanda kimoja kimoja.

Batuli naye hakukaa bure. Mara tu Tusekile alipoungama, alitoa simu yake na kumpigia mpwa wake Faraji, bwana shamba mgeni wa kata, aliyeripoti mwezi uliopita. Mchana Faraji akafika na pikipiki, koti limejaa tope.

"Shangazi, umesema kuna watu mia tatu wanadai mbolea kanisani," akasema akihema. "Nimekuja mbio nikidhani kuna vurugu."

"Vurugu gani! Msalimie kwanza mama yako hapa, halafu usome."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Faraji akafungua kaunta buku. Alisoma ukurasa wa kwanza akiwa amesimama, wa pili akakaa. Tusekile alimtazama uso kama mwanafunzi anayemtazama mwalimu akisahihisha.

"Hili mimi siwezi kulitumia kama lilivyo," hatimaye akasema. "Kila mtu lazima awepo mwenyewe, kitambulisho na kidole. Na wengi wa hapa chini tayari wamo kwenye orodha, wamekuja kwa wasiwasi tu. Lakini hawa..." Akapitisha kidole. "Nsongola. Nsongola. Nsongola. Mama, hapa kuna watu ishirini na tisa wa Nsongola. Kwenye orodha yangu kuna wanne. Mimi niliambiwa kule wamehama tangu daraja liondoke."

"Hawajahama. Wamekuja kwa miguu."

"Nani ameandika hili?"

Fanueli alikuwepo, Lusia alikuwepo, mzee mmoja wa kanisa alikuwepo. Wote walimtazama Tusekile wakamwachia aseme mwenyewe.

"Mimi," akasema.

"Linasomeka," Faraji akasema. "Nimewahi kupokea madaftari ya waliosoma chuo, hayasomeki. Jumanne nitapanda. Lakini nyumba za kule sizijui, na hawa watu wananijua mimi kwa wapi? Mama, utanisindikiza na daftari lako?"

Lusia akamgusa kiwiko. "Mama Lutengano, unaulizwa."

Tusekile alijikohoza. Alikuwa akijitahidi uso wake usifanye kitu chochote, lakini ulifanya. "Nitakuja," akasema.

Jioni, walipokuwa wakikunja nyota ya karatasi, Fanueli aliwashukuru wote waliofanya kazi, Mariamu na Yusufu, wachungaji, wenye nyumba za wageni, Mama Batuli na balbu zake. Mwisho akasema, "Na karani. Mwaka ujao meza hiyo hatutaijadili kwenye kikao."

*

Jumanne walipanda, Faraji mbele na mashine yake ya kuchukulia alama za vidole ndani ya mfuko wa nailoni, Tusekile nyuma na fimbo na daftari. Walizunguka bonde kama wanavyozunguka watu wa Nsongola. Alipumzika mara sita, na kila mara Faraji alijifanya anatafuta mtandao ili asimwone bibi akichoka. Tusekile alilitambua hilo.

Kila nyumba alisimama uani akaita jina kama lilivyoandikwa, na kila nyumba mtu alitoka akiwa tayari anatabasamu, kama anayeitwa na ndugu. Kidole kikawekwa, mashine ikalia, akapiga tiki. Ishirini na saba. Ishirini na nane.

Nyumba ya Ambokile ilikuwa ya mwisho, chini ya mwamba. Mzee aliwapokea daftari na fimbo, akawapeleka jikoni penye moto. Kwenye kitanda kidogo karibu na mafiga alilala mke wake, Evarista. Miguu yake ilikuwa imekataa kazi mwaka wa tatu sasa.

"Huyu ndiye yule mama wa kuandika," Ambokile akamwambia.

"Aliyekosea?"

"Ndiye."

Evarista akacheka, akanyoosha mikono yote miwili kumshika Tusekile. "Ndaga fijo, dada. Kosa lako limemleta bwana shamba mpaka jikoni kwangu. Walio sahihi hawajamleta."

Faraji akaweka kidole cha mzee kwenye mashine. Ikalia. Akasema ujumbe utakuja kwenye simu, na mbolea ya kukuzia wataichukulia chini, na yeye ataulizia punda. Kazi ikawa imekwisha. Lakini viazi vilikuwa majivuni, na kwa watu wa huko huwezi kuondoka viazi vikiwa majivuni.

"Mume wangu hajui kusimulia," Evarista akasema. "Nimemwuliza habari za Bethlehemu, ananiambia kulikuwa na tope. Hebu niambie wewe."

Tusekile akamwambia. Alianza langoni, akamtembeza polepole. Kwenye nyumba ya kwanza ya wageni alimfanya mwenye nyumba kwa sauti nyembamba, na kwa Lusia akaweka sauti nene, Evarista akabishana naye kama wenzake wote walivyobishana: "Hata huku kwangu kungekuwa na nafasi!" Akamwambia habari ya kondoo wa shamba la mwalimu mkuu, na majusi wa balbu, Evarista akacheka mpaka akashika mbavu. Alipofika bandani alishusha sauti, akamweleza majani, pumzi za ng'ombe, mtoto aliyekuwa akinyonya, na watu walivyovua kofia. Moto ulikuwa umepungua. Ambokile aliongeza kuni.

"Kwa hiyo nimefika," Evarista akasema.

"Umefika."

"Na langoni hukuniandika. Wote waliofika umewaandika."

Faraji alitaka kueleza kwamba kaya moja huandikishwa jina moja, lakini akaona ni bora anyamaze. Tusekile alishafungua ukurasa mpya. Hapakuwa na mistari. Aliweka daftari gotini, akaandika polepole kwa mwanga wa moto, akitamka, "E-va-ri-sta," kisha akamgeuzia aone.

Evarista hakujua kusoma. Aliweka kidole juu ya jina lake, akakipitisha kutoka mwanzo mpaka mwisho, akakirudisha mwanzo.

"Herufi hii ya kwanza inaitwaje?"

"Hiyo ni E."

"Ina meno kama reki." Akaitazama tena. "Na hii ya mwisho?"

"A. Joyness wangu angekufundisha vizuri kuliko mimi."

"Joyness simjui. Wewe ndiye uliyepanda."

Faraji aliinuka akatazama nje. Mawingu yalikuwa yanakusanyika juu ya mwamba, na bonde lilikuwa refu. Tusekile akavaa sweta, akapokea fimbo yake, na viazi vitatu vya moto vilivyofungwa kwenye jani la mgomba. Alipoinama kuaga, Evarista hakuuachia mkono wake.

"Mbolea ikija, ataleta huyu kijana," akasema. "Mimi nakuuliza wewe. Utakuja tena lini?"

"Barabara ni ndefu, dada yangu, na mimi ni mzee."

"Najua. Njoo taratibu. Lakini uje tena."